Nani Kawaambia Jazz ni Muziki wa Kukaa Kitini?

Mfyuuu! Jamani, kuna maneno hayafai kusemwa mbele ya watu wazima asubuhi, kabla hata kahawa haijapoa. Kijana wa watu, msomi, yuko likizo kutoka chuo huko Dar es Salaam, kaja kukaa nasi hapa kijiweni Kibaoni, Ifakara. Akatoa simu, akatuwekea Miles Davis. Tukasikiliza. Tarumbeta lile lina utulivu wa ajabu, na kila mtu pale alikubali kwamba yule bwana alijaliwa. Balaa lilikuja alipozima simu na kutoa hukumu: hii ndiyo jazz yenyewe, ile ya kina Mbaraka Mwinshehe ni dansi tu, muziki wa baa, wazee wetu walijipachika jina.

Fundi redio akasonya. Mama wa vitumbua akasonya. Mzee wetu mstaafu wa TAZARA, mtu asiyependa makelele, alisonya mpaka vijana wa bodaboda wakageuka kuangalia kulikoni. Na mimi nasonya hadi saa hii, kwa sababu hukumu ile si ya dogo peke yake. Naisikia redioni, naisikia kwa watu wenye shahada zao: jazz ni ya wanaofikiri, dansi ni ya wanaolewa. Maneno hayo yanaumiza, na wala si ya kweli.

Tulianze hilo la baa. Miaka ya 1930, huko huko Marekani, jazz ilikuwa inakaa wapi? Ilikuwa kwenye kumbi za dansi. Bendi za Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman, Chick Webb, watu walilipa kiingilio waende wakacheze. Harlem, New York, kulikuwa na ukumbi unaitwa Savoy, sakafu yake ya mbao ilichakaa kwa kukanyagwa. Redio zilirusha muziki huo usiku na vijana wakaufuata. Santuri zilizouzwa ndizo hizo. Ungemuuliza kijana wa Marekani wa mwaka 1938 akuonyeshe muziki wa jazz, kisha akuonyeshe muziki unaopendwa na watu, angekuonyesha bendi ileile mara mbili.

Sasa nani aliwaketisha watu? Hapa ndipo mtu asiyeijua historia anapoachwa na basi. Vita ya pili ilikuja. Mafuta na matairi yakawa ya mgawo, bendi ya watu kumi na sita haikuweza tena kuzunguka miji na basi lake. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi, mgomo ukaendelea hadi 1944. Na mwaka huohuo wa 1944 serikali ikatoza kodi klabu zenye watu wanaocheza na kuimba, ikaanza na asilimia 30, ikashushwa hadi 20. Mwenye klabu akapiga hesabu yake: nikiweka wapigaji wanne au watano, nisiweke mwimbaji, na wateja wasicheze, mtoza kodi hanigusi. Meza na viti vikasogezwa hadi katikati ya ukumbi.

Wakati huohuo, pale Minton's, Harlem, kina Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk walikuwa wanapiga kwa kasi na mikunjo ambayo miguu ilikuwa haijaizoea. Ufundi wao hauguswi na mtu, nausujudia. Lakini tusidanganyane kwamba jazz iliamka siku moja ikaona kucheza ni aibu. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na mgawo wa mafuta. Na wale waliotaka kuendelea kucheza walipata wa kuwachezesha: Louis Jordan, aliyekuwa mpuliza saksafoni kwenye bendi ya Chick Webb, akaunda kikundi kidogo chenye mapigo mazito na maneno ya mtaani, na kwenye njia hiyo ndipo rock and roll ilipokuja kuzaliwa. Watoto wa nyumba moja hao. Mmoja alikwenda kukaa ukumbini na wenye tai, mwingine akabaki na vijana.

Kwa hiyo dogo, ukimpima Mbaraka kwa kiti, umechukua desturi iliyoingia katikati ya safari ukaifanya ndiyo chimbuko.

Turudi nyumbani. Jina tuliache kwanza, tuangalie kazi iliyofanyika. Kabla hatujawa na gita tulikuwa na beni, ngoma za vijana waliovaa sare na kupuliza tarumbeta kwa mtindo wa bendi za askari, zikigawanyika Marini na Arinoti, zikishindana kwa mavazi na vyeo. Zilianzia pwani, na Vita ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 ikazisambaza bara, kwa sababu askari na wapagazi walikwenda nazo kila walikopelekwa. Na bonde hili lilikuwa njia ya vita hiyo. Mahenge, ng'ambo ya mto, palikuwa ngome ya Wajerumani hadi 1917. Baada ya vita wakaja makarani na walimu waliosoma misheni, wao wakataka dansi ya kushikana mikono na kuvaa suti. Mwaka 1932 Dar es Salaam Jazz Band ikaanzishwa. Angalieni mwaka huo. Savoy ya Harlem ilikuwa na umri wa miaka sita tu. Hatukuchelewa sana kama tunavyoambiwa.

Mwaka uliofuata, 1933, kampuni ya His Master's Voice ikaanza kuleta Afrika santuri za GV, muziki wa Kuba, na namba moja ilikuwa El Manicero ya Don Azpiazú, iliyorekodiwa New York. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Muziki ule ulikuwa na ngoma za watu waliotolewa Kongo na Afrika ya Magharibi wakiwa watumwa, ukapakwa nyuzi za Kihispania, ukapitia studio za Marekani zilizojaa jazz, halafu ukarudi kwetu kwa meli. Pale Morogoro kulikuwa na kijana, Salum Abdallah Yazidu, aliyeipenda Kuba kiasi kwamba inasimuliwa alitoroka nyumbani akitaka kwenda huko, safari ikaishia Mombasa. Akarudi, na mwaka 1948 akaanzisha La Paloma, ambayo ikawa Cuban Marimba. Morogoro Jazz ilikuwepo tayari tangu 1944, mwaka aliozaliwa Mbaraka. Mji mmoja mdogo chini ya milima ya Uluguru, bendi mbili kubwa, wapenzi wao hawakai meza moja. Hiyo ndiyo Morogoro iliyotulea sisi wa huku mabondeni.

Mzee wa TAZARA ana mfano wake wa jinsi muziki huo ulivyotufikia na sijasikia ulio bora zaidi. Anasema: nendeni Kidatu. Pale reli ya kati, tawi linalotoka Kilosa, inakutana na reli ya TAZARA. Zinakutana, lakini behewa haliwezi kuvuka, kwa sababu reli moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine 1,067. Milimita 67 tu, vidole vitatu vinne. Kwa hiyo mzigo unapakuliwa, unapakiwa upande wa pili, unaendelea. Jazz ilivyokuja kwetu ndivyo ilivyokuja. Ilipakuliwa Havana, ikapakuliwa Léopoldville, Kongo, ambako mwimbaji Kabasele aliita bendi yake African Jazz mwaka 1953 na Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mwaka 1956, ikapakuliwa tena Morogoro. Behewa lilibadilika. Mzigo je? Dogo alikaa kimya hapo, na kwa haki yake niseme alikuwa anasikiliza.

Mzigo wenyewe ni upi? Sikilizeni wimbo wowote wa dansi wa miaka ya 1970 kwa sikio la fundi. Unaanza taratibu, mwimbaji anaeleza mkasa wake, mwenye nyumba kamtimua au mke kaondoka, na waitikiaji wanamjibu. Gita la rithim linashona, la pili linajaza mianya, besi inatembea chini. Midomo ya bata, yaani tarumbeta na saksafoni, inaingia kwa pamoja, sentensi fupi ileile, mara mbili, mara tatu. Kisha inaingia chemko. Hapo maneno yanaisha, kasi inapanda, na mpiga solo anaachiwa uwanja. Anayopiga Jumamosi siyo atakayopiga Jumapili. Anabuni papo hapo, akiangalia watu wanavyocheza. Wakichangamka anarefusha, wakichoka anageuza. Bendi ya Basie ilipanda kwa nguvu hizohizo: midomo ya bata kurudia kisentensi kifupi, mpigaji mmoja kuachiwa abuni juu yake, na sakafu kutoa majibu. Anayesema huku hakuna jazz hajawahi kusikiliza chemko hadi mwisho. Wengi husikiliza maneno tu, gita likianza wanaendelea na soga.

Na juu ya hapo wazee wetu waliweka chao. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulitoka kwenye ardhi. Western Jazz na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, Atomic ya Tanga na Kiweka, Super Volcano ya Mbaraka na Masika. Mlimani Park wakachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo, na wenzao wa Juwata wakaitwa Msondo, ngoma nyingine ya hukohuko. Nani kasema sangula ya Wapogoro isingeweza kuingia kwenye gita? Ingeingia. Bado inaweza kuingia. Nikiwaza hilo moyo unanidunda, maana hakuna kitu kitamu kama kusikia mapigo ya bibi yako yanatoka kwenye besi.

Dar es Salaam yenyewe bendi zilibeba majina ya makwao. Kulikuwa na Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, Western Jazz ya watu wa Jimbo la Magharibi, na kulikuwa na Ulanga Jazz. Ulanga ni sisi! Siku zile bonde hili lote lilihesabiwa Ulanga, kabla wilaya ya Kilombero haijakatwa. Watu walioondoka hapa kutafuta kazi mjini, wakafika wakakuta kila kabila lina klabu yake, wakasema na sisi tusimame. Mkiwaambia watoto wenu habari za Ifakara msianze na mpunga na mafuriko kila siku. Waambieni na hilo.

Na kwa nini dansi ilikubalika sana bonde hili? Nina maoni yangu. Kiwanda cha sukari kilipoanza Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuja watu wa kila upande: Wangoni, Wahehe, Wanyakyusa, Waluguru, wakajiunga na Wandamba, Wabunga na Wapogoro waliokuwepo. Halafu kati ya 1970 na 1975 ikajengwa TAZARA, na kambi zake Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Kambi moja, makabila ishirini. Mwisho wa mwezi mshahara umetoka, watu wanataka kucheza. Wacheze ngoma ya nani? Ukipiga ya Wangoni, Mhehe anakaa pembeni. Kilihitajika kitu ambacho si cha mtu na ni cha kila mtu, kwa Kiswahili, chenye hatua ambazo mgeni anajifunza usiku mmoja. New Orleans ilikuwa hivyo hivyo, mji wa bandari, Wafaransa, Wahispania, Wahaiti, wajukuu wa watumwa, wote wakihitaji muziki wa kucheza pamoja mwisho wa wiki. Jazz ilizaliwa kwenye mahitaji hayo, na dansi yetu ikakua kwenye mahitaji hayo. Mzee anakumbuka enzi za kivuko, kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018: spika na ngoma zimefunikwa turubai, wapigaji wamesimama ukingoni na mashati yao ya bendi, wanangoja kuvuka waende Lupiro na Mahenge. Watu waliokuwa sokoni waliacha samaki wao wakaja kuwaangalia.

Kuna la kuongeza ambalo dogo hakulijua, na nililisema kwa sauti kubwa kusudi hata wa meza ya pili wasikie. Sisi tulichukua kwao, na wao walichukua kwetu. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane, huyo huyo Coltrane mnayemuheshimu, walirekodi Tanganyika Strut. Mwaka 1960, nchi nyingi zikiwa zinapata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika New York, maneno ameandika Langston Hughes, mpangaji wa vyombo ni Melba Liston, na sauti ya Kiswahili inayosikika mwanzoni ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika kutoka nyanda zetu za kusini, ambaye baadaye mlimjua kwenye siasa. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Kiswahili kilikuwa ndani ya jazz kabla hata Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Halafu Herbie Hancock, aliyekuwa mpiga piano wa Miles Davis huyo huyo wa kwenye simu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijiita Mwandishi. Albamu ya mwaka 1971 inaitwa hivyo, na wenzake wote walichukua majina ya Kiswahili: Mchezaji, Mganga, Pepo Mtoto. Mpiga drams wake, Billy Hart, akaitwa Jabali. Sisi tulikuwa na Jabali wetu, Marijani Rajab, Jabali la Muziki, na sidhani kama hao wawili walijuana. Kisha mwaka 1973 Hancock akageuka, akatoa Head Hunters, muziki wa kuchezeka, wenye besi nzito ya mitaani. Kwenye Watermelon Man ya albamu hiyo Bill Summers anapuliza chupa ya bia, akiiga filimbi za Wabenzele wa Afrika ya Kati. Chupa ya bia, dogo! Baa hiyo imeingia studio. Walinzi wa jazz walimlaumu Hancock kwamba kauza utu wake kwa soko. Watu wakainunua kwa wingi, na leo inafundishwa kwenye shule za jazz. Lawama zilezile, maneno yaleyale tuliyosikia hapa Kibaoni, na nusu karne baadaye zimewekwa kabatini.

Kwa hiyo mimi sikubali kabisa kwamba jazz na muziki wa mtaani ni maadui. Moja huazima, nyingine hulipa, halafu zinabadilishana zamu.

Sasa msonyo wangu mkubwa uko wapi? Wengine kijiweni walitaka kuutupia kwa bongo fleva na singeli. Fundi redio ndiye aliyeongoza: hawa watoto wameua muziki, kompyuta imeua muziki. Hapana. Singeli naisikiliza. Mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, na ukifuatilia ilikotoka utakuta vijana wa uswahilini Dar es Salaam walikata vipande vya kasi vya taarabu, wakavirudia rudia, wakapanda juu yake kuchana maneno. Hilo ni chemko! Wameondoa mkasa wa mwanzo wakabakiza moto. Vijana walisikia sawasawa ni sehemu gani ya wimbo inayoamsha watu. Na Diamond na Rayvanny walipomchukua Saida Karoli mwaka 2016 wakatoa Salome, walifanya ambacho bendi zote zilifanya tangu mwanzo, kuchukua kilichopendwa na kukivisha upya.

Ninachokisonya ni kufungwa kwa shule. Bendi ilikuwa shule. Mnakumbuka mambo yalivyokuwa? Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kikaanzisha Nuta Jazz, ambayo ikaja kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz mwaka 1971. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Bima ya taifa ikawa na Bima Lee. Polisi, Magereza, JKT, wote na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mazoezi yalikuwa kazi ya mchana kama kazi nyingine. Kijana aliingia akibeba spika. Akipata bahati anaruhusiwa kushika rithim wakati wa mazoezi. Mwaka mwingine anapewa nyimbo mbili za kufungulia ukumbi, kabla watu hawajajaa. Pembeni yake kuna mtu mzima anamwangalia vidole. Michael Enoch, aliyeanzia Dar es Salaam Jazz na kuja kuongoza Mlimani Park, alipiga gita, akapuliza saksafoni, na alikuwa anaitwa King, anaitwa Ticha. Ticha! Mwalimu asiye na ubao wala chaki, na waliopita mikononi mwake wamejaa kwenye kanda za Radio Tanzania.

Mwimbaji Gurumo mwenyewe, kabla ya kuingia Nuta, alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Mbaraka alianzia kwenye kikundi cha vijana, akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 akasimama na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Mtu wa Morogoro, gita mkononi, mbele ya dunia nzima, akiwa na miaka 26. Miaka mitatu baadaye akaunda Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua Mombasa. Salum Abdallah naye alikwenda kwa ajali ya gari, 1965. Hadi leo ukitaja majina hayo mawili mbele ya wazee wa Morogoro, mtu ananyamaza kidogo kabla ya kukujibu.

Shule ile ilifungwaje? Kwanza fedha za kigeni zilikauka mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980. Nyuzi za gita hazipatikani, spika ikiungua imeungua. Mashirika ya umma yakaanza kufa, na mwajiri akifa bendi inakufa naye. Kuanzia 1994 redio binafsi zikafunguliwa, zikahitaji muziki mwingi, wa haraka, na kompyuta moja ikaweza kufanya kazi ya watu kumi na mbili bila kudai posho. Simlaumu aliyenunua kompyuta. Sisi pia, ukitoza kiingilio cha kulipa watu kumi na mbili, hapa Ifakara nani atalipa kila wiki? Mwenye baa anapiga hesabu ileile ya mwenye klabu wa Marekani wa 1944: spika mbili na kijana mwenye kompyuta mpakato, basi, watu watacheza.

Sawa, watacheza. Lakini yule kijana aliye na kompyuta hajawahi kukaa karibu na mpiga besi. Hajawahi kukosea mbele ya watu wazima akasahihishwa kwa jicho tu. Ana kipaji, nawajua hapa Viwanjasitini na Mlabani vijana wenye masikio makali kuliko mimi. Wanatengeneza mapigo usiku kwa simu, simu! Ila wakitaka sauti ya gita wanakata kipande cha gita la mtu wa nchi nyingine, kwa sababu hakuna gita la kurekodi umbali wa kutembea kwa miguu. Hapo ndipo muziki wa watu unapokonda. Unakula akiba bila kulima. Jazz na dansi zilikuwa shamba la mbegu, na muziki unaopendwa siku zote ulichukua mbegu kutoka huko. Funga shamba, miaka michache ghala litaonekana limejaa, halafu litaisha.

Mama wa vitumbua ndiye aliyenikumbusha kwamba shule haijafungwa yote. Yeye ni mwanakwaya. Ifakara ni mji wa misheni, ina jimbo lake Katoliki tangu 2012, na kila parokia ina kwaya yenye sauti nne, kinanda, na mara nyingine besi na drams. Wapo watoto wa miaka kumi na minne wanaopiga kinanda kanisani kila Jumapili bila kukosa, wanasoma alama, wanajua kumfuata mwimbaji akipotea njia. Na kwenye harusi bado yanakuja matarumbeta, vijana wamesimama juu ya gari wanapuliza, wajukuu wa beni hao ingawa hawajui. Kinanda kipo, midomo ya bata ipo, mapigo ya singeli yapo, sangula ipo kwa bibi. Havijawahi kuwekwa chumba kimoja, ndiyo shida yetu.

Hapo mjadala ukaingia kwenye fedha, na kijiwe chetu kikifika kwenye fedha kinakuwa makini. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana huomba bodaboda, huomba mashine za kukoboa mpunga, huomba vifaranga. Sijawahi kusikia kikundi hapa kikiomba vyombo vya muziki, na mtu aniambie kwa nini. Hesabu yake si mbaya. Harusi ziko kila Jumamosi baada ya mavuno, kuna send-off, kuna kipaimara, kuna mahafali. MC na spika zake analipwa. Kikundi cha watu watano wanaopiga kweli kitalipwa zaidi, na siku za katikati ya wiki vyombo vinafundishia. Pambazuko FM iko hapahapa mjini, vijana wakiiva waombe saa moja ya jioni wapige moja kwa moja, watu wa Mang'ula na Lupiro wasikie. Kwaya zikubali kuwaazima wapiga vinanda siku za kazi. Na kuna wazee waliopiga bendi miaka ile, bado wako hai, mmoja analima Lumemo, wengine wako Kidatu, hakuna anayewabishia hodi.

Fundi redio akauliza tuanze na chombo gani, fedha zikiwa kidogo. Kijana mmoja wa bodaboda akasema gita la solo, na wenzake wakamuunga mkono, bila shaka, kila mtu anataka kuwa Mbaraka. Mzee akakataa. Nunueni besi na drams, akasema, na gita moja la rithim. Mpiga solo atajileta mwenyewe.